Tawi Lililolazwa Njiani

Kambini, Jumamosi, tarehe 7 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetufikisha. Mimi na mumeo tumefika salama, ingawa gari la Idara ya Maji lilitutikisa mpaka nikawa sijui figo zangu nimeziacha kona gani. Shemeji alikaa mbele na dereva, akawa anamweleza habari za barabara ambayo dereva huyo ameipita miaka tisa.

Simu huku ni pambo tu, mtandao haufiki. Gari litapanda kila Jumamosi na kushuka siku hiyo hiyo, kwa hiyo barua zetu zitasafiri nalo.

Kambi yenyewe ni vibanda vitatu vya mbao, jiko la mawe, na mto ulio karibu kiasi kwamba ukilala unausikia kama mtu anayeosha vyombo chumba cha pili. Walimu wetu ni mke na mume. Mke ndiye mwindaji. Wanamwita Mama Mitego, mwembamba, mfupi, rika langu, anatembea kama anamnyemelea kuku. Mumewe ni mvuvi na wanamwita Kimya. Tangu tufike nimemsikia akisema maneno manne, na mawili alikuwa anamwambia mbwa.

Masharti unayajua lakini acha niyarudie. Idara itatupa kile kituo cha kupimia maji huko juu ya mto, Shemeji awe mtunzaji na mimi msaidizi wake, na wewe uje tukae wote mkishafunga shule mwisho wa mwaka. Lakini mpaka Mama Mitego atie sahihi kwamba kila mmoja wetu anaweza kukaa msituni siku tatu peke yake, akajilisha, akakoka moto, na akarudi mwenyewe kwa miguu yake. Akikataa, tunarudi tulikotoka. Shemeji kwenye kiti chake cha dirishani tangu bohari lilipofungwa na ukarani wake ukaisha, mimi kwenye sabuni za hospitali ambazo daktari amenikataza. Mikono yangu, mdogo wangu, imeanza kupona. Siku chache tu bila dawa za sakafu na vidole vimeacha kupasuka. Nikiviangalia namshukuru Mungu.

Sasa nikusimulie nilivyoanza vibaya. Miaka ishirini na miwili nimeamka na kushika fagio, nikaamka hapa nikalishika. Nilifagia uwanja wote, kutoka kibandani mpaka mtoni, nikapanga na kuni. Mama Mitego akatoka, akasimama, akaangalia chini muda mrefu.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi, mama. Palikuwa pachafu.”

“Hapa usiku wamepita wanyama. Kila asubuhi nasoma nani kapita, kaenda wapi, ana njaa au kashiba. Wewe umenifutia gazeti langu sijalifungua.”

Kimya akacheka mabega tu, bila sauti. Shemeji naye hakuniacha. “Mama, huyu hata kwangu hufagia, na hakuna aliyemwita.” Tangu siku hiyo naitwa Mfagizi, na fagio limefichwa sijui wapi.

Tumefundishwa alama pia. Mama Mitego akitangulia, kila njia panda analaza tawi bichi kwenye ile njia isiyo yetu. Tawi limelala, njia imefungwa. Shemeji aliliandika hilo kwenye daftari akalipigia mstari kwa rula. Ndiyo, amekuja msituni na rula.

Salamu kwa watoto. Usikae sana na madaftari ya wanafunzi, macho hayana duka.

Dada yako


Nyumbani, Jumatano, tarehe 11 Juni

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa ofisi ya walimu, na nilipofika kwenye gazeti la Mama Mitego nikacheka mpaka mwalimu wa hesabu akauliza nani kaniposa. Wewe nakujua. Nilipojifungua mtoto wa pili ulikuja kuniuguza ukafagia wodi ambayo hata si ya hospitali yako.

Sasa nikwambie la moyoni ambalo sikukwambia mlipokuwa mnafunga mizigo. Huyu bwana amekaa dirishani miezi minane. Natoka asubuhi yuko pale, narudi yuko pale, chai niliyomwachia imepoa hadi imeota ngozi. Ilifika mahali nikifika mlangoni nasimama kwanza kabla sijafungua. Nilikuwa naogopa nitamkuta mtu ambaye si yeye. Kwa hiyo aliposema atakwenda msituni na wewe, nilijifanya nabisha kidogo, lakini moyoni nilikuwa nimeshampangia nguo.

Yeye hatakubali kwamba haoni. Bila miwani hatofautishi mbuzi na baiskeli. Akikwambia ameona kitu, muulize mara ya pili. Na usimwachie atangulie mahali, atajifanya anajua.

Mama Mitego simjui. Mume wangu nimekukabidhi wewe. Nirudishie yule niliyeolewa naye, wa dirishani mwache huko huko.

Mdogo wako, Mwalimu


Kambini, Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mke wangu,

Naomba kukuarifu kwamba hali yangu ni njema. Mpaka kufikia leo nimekamata sungura mmoja kwa mtego wa kitanzi nilioutega kwa mkono wangu, ingawa Mama Mitego anadai sungura yule alikuwa mgonjwa na alikuja kujisalimisha. Wivu huo, nauelewa.

Kimya amenifundisha kuvua kwa mshipi saa tatu nzima bila kutamka neno. Alinishika kidole, akaulaza mshipi juu yake, akaenda zake. Nikakaa. Baada ya muda nikaanza kusikia maji yanavyovuta, halafu nikasikia kitu kingine ambacho si maji. Siwezi kukueleza. Ilikuwa kama mtu anakugusa bega kwenye foleni. Samaki mwenyewe alikwenda zake, lakini nilimsikia.

Mke wangu, nalala. Saa tatu nimelala, nashtuka kumekucha. Sijalala hivi tangu wafunge bohari.

Alhamisi ijayo tunakwenda kambi ya juu kwa kufuata alama, mmoja mmoja, kila mtu nusu saa nyuma ya mwenzake. Anatangulia Mama Mitego, halafu Shemeji, dada yako, halafu mimi. Kimya anabaki kulinda kambi. Usiwe na wasiwasi. Miwani ninaivaa, ingawa siihitaji.

Mumeo


Njia panda ya pili, Ijumaa asubuhi, tarehe 20 Juni

Shemeji,

Barua hii nimeitia kwenye kopo la maziwa na kulifunga mtini kwa kitambaa changu chekundu, ili hata wewe ulione.

Ukifika hapa, kaa. Usitafute njia yoyote, usiseme unajua. Kaa. Mama Mitego ameingia upande wa kinamasi anakuita, Kimya anapanda na mto. Mimi nitapita hapa kila asubuhi na kila jioni mpaka nikukute. Ndani ya kopo kuna kiberiti, penseli na viazi viwili vya kuchemsha.

Jana tulikungoja kambi ya juu mpaka jua likazama. Mama Mitego akasema labda umepumzika, akashuka na kurunzi mpaka kambini kumwarifu Kimya, akarudi bila wewe. Leo alfajiri nikiwa kwenye sala nikaiangalia mikono yangu, na hapo ndipo nikakumbuka.

Tawi lilikuwepo, Shemeji. Lilikuwa limelala kwenye njia ya kushoto, hapa hapa ulipo. Nililiona, nikajua maana yake, nikashika ya kulia. Halafu nikarudi hatua mbili, nikaliokota, nikalitupa kichakani. Nikasugua na majani kwa mguu. Nilikuwa nakuwaza wewe. Nilisema moyoni, huyu na macho yake atajikwaa hapa avunjike mguu, nitamwambia nini mdogo wangu. Kule kazini kitu kikilala kwenye korido nakiondoa kabla sijakifikiria, iwe ndoo au gongo la mgonjwa. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikaendelea na safari nimeridhika, naimba.

Nimemwambia Mama Mitego. Nilijua atanigombeza, lakini alisema tu, “Kushoto, basi,” akachukua panga akaenda. Afadhali angenigombeza.

Nisamehe. Mungu akufunike huko uliko. Ukifika, kaa.

Shemeji yako


Kambini, Jumamosi, tarehe 21 Juni

Mdogo wangu,

Dereva ana haraka kwa hiyo naandika machache. Sote hatujambo. Mumeo anakusalimu sana, ametoka na walimu ndiyo maana hakuandika. Mvua haijanyesha.

Dada yako


Nyumbani, Jumatatu, tarehe 23 Juni

Dada, shikamoo.

Mistari minne. Wewe ambaye ukiniandikia habari za jino lako unamaliza karatasi mbili. Na mvua nani kakuuliza?

Nimeigeuza nikadhani umeandika nyuma, hakuna kitu. Basi nimekaa nikafikiri, nikapata jibu. Ni mikono. Imepasuka tena na unaogopa kuniambia nisije nikakuita urudi. Dada, kama ni mikono sema, hapa kuna yule mama wa duka la dawa anachanganya mafuta mazuri, nitampa dereva akuletee.

Kwetu habari ni njema. Jana kwenye ibada nilisimama kutoa shukrani kwa ajili yenu. Sikupanga, nilishtukia nimesimama. Nikasema mume wangu alikuwa amekufa huku anapumua, sasa analala usingizi na anakamata sungura wagonjwa. Watu walicheka na kuitikia, hata mchungaji.

Halafu leo nimefanya jambo, usimwambie kwanza. Kile kiti cha dirishani nimekitoa. Nimempa jirani, yule anayeshona viatu, akakibeba kichwani. Kumbe chumba chetu kina mwanga, dada. Miezi yote ile alikuwa ameuziba yeye. Nimekaa pale sakafuni nasahihisha insha za watoto, jua linanipiga mgongoni.

Mwambie asipoandika Jumamosi nitajua amepata mke mwingine huko, na ana masikio marefu.

Mdogo wako, Mwalimu


Nyuma ya barua ya kopo. Jumatatu jioni, kama nimekosea siku, basi ni Jumapili.

Shemeji,

Nimefika. Nimekaa, kama ulivyoagiza. Viazi nimekula vyote viwili, vya baridi, na sikumbuki kula kitu kitamu kama hicho.

Nyayo zako ni mbichi, kwa hiyo umeshapita na utarudi asubuhi. Bado kuna mwanga wa kuandikia, na afadhali niandike, maana mkono ukiwa na kalamu ninakuwa mtu.

Njia ya kushoto ilinipeleka kinamasini. Ukungu ukashuka nikawa sioni hata magoti yangu. Siku ya kwanza nilikimbia. Nitakwambia wewe tu: nilikimbia, nikalia, nikamwita mke wangu kana kwamba yuko jikoni. Kisha nikaanguka, na nilipokuwa pale chini nikamkumbuka Mama Mitego anavyosema, ukijua umepotea kaa chini hapo hapo, usijipoteze zaidi. Nikaona nimeshakaa tayari.

Nikalaza magogo mawili na matawi juu yake, nikapata kitanda kisichogusa maji. Moto ulinichukua njiti saba. Ya saba ilishika kwa yale maganda makavu ya ndani ya mti uliokufa. Maji nilichujia soksi, nikayachemsha kwenye kikombe changu cha bati, usiniulize ladha. Kuna mtu alikuwa amenitilia mshipi na ndoano kwenye mfuko wa shati bila kuniambia, na tunamjua mtu huyo. Nimekula kambare wawili. Moshi wangu ulilala na ukungu, nadhani ndiyo maana hamkuuona. Mara moja niliwasikia mkiita, lakini sauti ilikuja kutoka pande zote, nikaogopa kuifuata.

Leo asubuhi ukungu umeinuka. Jua likaja kwa chini, likalalia ardhi, na nyayo zangu zikajitokeza zote kama zimepigwa muhuri. Kisigino cha kiatu changu cha kulia kina msumari umechomoza. Nimeufuata msumari huo kutwa nzima, nikipotea narudi kwa wa mwisho, mpaka nikaona kitambaa chako.

La tawi si neno. Mimi nilipofika hapa Alhamisi niliona majani yamesuguliwa, na jani moja bichi limebaki katikati ya njia. Mwenye macho angejiuliza. Mimi miwani ilikuwa mfukoni tangu njia panda ya kwanza. Ilikuwa inateleza kwa jasho, hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kiburi.

Mke wangu asijue la miwani. Na la tawi asijue pia. Tulimalize hapa hapa nyuma ya karatasi.

Giza linaingia. Moto wangu unawaka vizuri, ungeuona ungenisifu.

Shemeji yako


Kambini, Jumamosi, tarehe 28 Juni

Mke wangu,

Naomba usome barua hii ukiwa umekaa, na ujue tangu mstari huu kwamba mimi ni mzima, nimeshiba, na naiandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Wiki iliyopita nilipotea njia. Siku tano. Kosa ni langu peke yangu, nilikuwa naangalia ndege. Nimerudi kwa miguu yangu, bila jeraha ila kisigino, na nikakaa mahali ambapo mtu mwenye akili hukaa akisubiri kuchukuliwa.

Dada yako alinikuta asubuhi ya Jumanne, nimelala kando ya moto. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akanivua viatu, akafungua kitambaa cha kichwani mwake akaanza kunifuta tope miguuni, kidole kimoja kimoja, machozi yanamdondoka. Nikamwambia, Shemeji acha, unafuta gazeti la mtu. Hapo ndipo akapata kulia kwa sauti, halafu akacheka, na Mama Mitego alipotutokea akatukuta tunacheka wote wawili kama walevi. Alisimama akiniangalia. Akasema, “Zilitakiwa siku tatu. Wewe umekaa tano. Mbili usije ukanidai.” Akaenda kutia sahihi.

Kimya naye alinishika mkono. Akasema, “Kambare wangapi?” Nikasema wawili. Akaitikia kwa kichwa. Ni mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kufanya.

Kwa hiyo nimefaulu. Nilikuwa nimesahau neno hilo linavyokaa mdomoni.

Kule kwenye ukungu, nikichuja maji kwa soksi, niliongea na wewe sana. Ulikuwa unanijibu kwa ukali, na ilinisaidia.

Mumeo


Kambini, Jumamosi, tarehe 28 Juni

Mdogo wangu,

Sijui mumeo amekuandikia nini. Barua zetu ziko mfuko mmoja na sikuomba kuiona yake. Lakini namjua, amejibebesha yeye. Usimwamini.

Tawi nililitoa mimi. Mama Mitego alikuwa amelilaza kwenye njia ya kushoto, mimi nikapita, nikaliondoa ili mumeo asijikwae. Nililijua ni alama, sitakudanganya kwamba sikujua. Mkono ulikuwa umeshamaliza kazi kabla kichwa hakijafika. Kwa sababu hiyo mumeo akaenda kushoto, akalala kinamasini usiku nne, na wa tano pale njia panda. Ana siri yake nyingine ndogo ambayo si yangu, hiyo sitaisema.

Na ile barua ya mistari minne niliiandika yeye hayupo. Ilikuwa siku ya tatu. Kalamu nilianza nayo kuandika, Mdogo wangu, mumeo amepotea, na nikaandika, Sote hatujambo. Dereva alijua, nilimwomba barua aiache shuleni, asikupitie nyumbani. Nilijiambia nakuhurumia, kwamba pengine ukija kuisoma atakuwa ameshapatikana, uwe umelia bure. Lakini nimekuwa na wiki nzima ya kujichunguza mbele ya Mungu na najua si huruma. Nilikuogopa. Uliniandikia, nimekukabidhi wewe. Barua hiyo nililala nayo chini ya mto wa kulalia.

Barua yako ya Jumatatu imefika leo. Nimesoma ulivyosimama kwenye ibada. Nimesoma habari za kile kiti. Siku uliyokuwa unakitoa kiti chake mimi nilikuwa bado naita msituni mpaka sauti ikakauka. Mikono yangu ni mizima kabisa, mdogo wangu. Afadhali ingekuwa ndiyo iliyopasuka.

Sasa zamu yangu ya siku tatu imefika. Nimemwambia Mama Mitego siendi, nitapanda gari la Jumamosi ijayo nirudi mjini, nitafute hata kazi ya kupanga vitabu mahali. Alikuwa anachuna ngozi, hakuinua kichwa. Akasema, “Mimi naweka matawi miaka thelathini. Watu wameyapita bila kuyaona, wameyaruka, mmoja aliwashia moto. Wewe ni wa kwanza kuliondoa kwa ajili ya mwenzako. Ni kosa baya, lakini jipya. Sahihi yako ninayo, nenda ukaichukue huko msituni.”

Simjibu mpaka nisikie kwako. Ukisema nirudi, narudi. Ukisema hutaki kuishi nyumba moja na mimi huko kituoni, hiyo nayo nitaielewa, sitauliza mara mbili.

Namshukuru Mungu aliyeniachia nikuandikie barua hii na si ile nyingine.

Dada yako


Nyumbani, Jumapili, tarehe 29 Juni

Dada, shikamoo.

Dereva anapeleka mabomba huko Jumatano, atakuletea hii. Kuhusu kunificha nimeshampa yake, hapa mlangoni, na majirani wamesikia. Ameomba radhi na kunywa maji glasi mbili.

Barua zenu nimezilaza mezani, moja huku moja huku. Kwa huyu kosa ni la ndege, kwa huyu kosa ni la tawi. Mimi nasahihisha kazi za watoto mwaka wa kumi na tisa, najua anayeandika kwa kumbukumbu na anayeandika kwa kubuni. Hajawahi kuangalia ndege maishani mwake. Alikuwa amevua miwani. Usimwambie nimejua, nataka nimwone akijaribu kunificha mpaka tuzeeke.

La tawi nilikusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Ulikuwa unauwaza mguu wa mume wangu. Nani mwingine kwenye dunia hii anauwaza mguu wa mume wangu ila mimi na wewe?

Mistari minne ndiyo imenikaa hapa, kooni. Acha niseme ili itoke. Jumapili ile nilisimama mbele ya watu nikashukuru kwa usalama wake, naye yuko kinamasini anachuja maji kwa soksi. Halafu nikakaa nikawaza mapazia ya lile dirisha. Siku tano mume wangu ananiita na mimi sikumwombea hata neno moja la kusaidia, kwa sababu wewe uliniambia mvua haijanyesha. Ungeniandikia ningelia, ndiyo. Lakini ningekuwa nimepiga magoti pale pale. Hiyo ilikuwa kazi yangu, dada, na uliniondolea njiani kama ndoo.

Basi. Imetoka.

Sasa nikwambie nilichofanya jana jioni baada ya kusoma. Niliwapeleka watoto kwa jirani, nikafunga mlango, nikapiga magoti pale palipokuwa na kiti, nikaanza kuomba kuanzia Alhamisi. Najua ameshapatikana, barua yake iko mkononi, lakini niliona siwezi kuziruka siku hizo hivi hivi. Nikasema, Mungu, aache kutangatanga, akae chini. Mungu, moto ushike. Nikaenda Ijumaa, nikaenda Jumamosi. Mungu, apate maji, apate chochote cha kula, hata kibaya. Mungu, ukungu uinuke. Niliomba kwa hofu ya kweli, na kila nililoomba lilikuwa limeshajibiwa kabla sijafungua mdomo. Nilipofika Jumanne asubuhi sikuwa na kitu kilichobaki cha kuomba. Nikalala pale pale sakafuni. Nimeamka leo nimechelewa ibada, nina njaa kama niliyetoka huko msituni mimi.

Hutarudi mjini. Mimi sihamii kituoni na karani peke yangu, tutagombana kuhusu rula. Nenda kakae siku zako tatu. Hata ukirudi umekula majani tu, rudi.

Ila kitu kimoja. Kabla hujaingia, niandikie siku na saa utakayoondoka kambini, mpe dereva, naye ananiletea mpaka mlangoni, tumeshaelewana. Safari hii nataka nianze pamoja na wewe.

Mdogo wako